Gari Linalobaki Uwanjani

Hebu nikutege kimoja kabla hujakaa sawasawa. Nyumba moja ina ndugu watatu. Kelele zikisikika, wawili wanatoka mbio, wa tatu anabaki. Anakula sawa na wenzake, anaogeshwa kuliko wenzake, na wakirudi wamepakaa masizi yeye bado anang'aa. Ni nani huyo?

Fikiri, sina haraka. Nilipowatega wale vijana wa zimamoto, Kijiko alijibu eti ni mama mkwe, na mkwe wangu akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Kijiko tulimwita hivyo kwa sababu hakuna sufuria niliyoepua asiwe wa kwanza kuionja. Mimi nilikuwa mpishi wao pale kituoni. Mkwe wangu alikuwa kiongozi wa kikosi, na binti yangu, mkewe, ndiye aliyepokea simu na kuamua yaende magari mangapi. Kituo kilikuwa na magari matatu. Jibu la kitendawili ni lile linalobaki.

Kanuni aliiandika binti yangu kwa mkono wake, akaibandika ukutani juu ya simu: nyumba ya chini, gari moja, ghorofa, magari mawili, uwanja usibaki mtupu. La kubaki lilikwenda kwa zamu, wiki kwa wiki, ili dereva yeyote asinung'unike kwamba mwenzake anakula mshahara wa bure. Wakubwa waliisifu sana kanuni ile. Hawakuuliza imetoka wapi. Mimi nilijua. Nilizaa mabinti wawili, nimebaki na mmoja.

Siku yenyewe, saa tano asubuhi, ndiyo kwanza nimemmiminia binti yangu chai, simu ikalia. Mwanamke alikuwa anapiga mayowe kwamba kiwanda cha magodoro kinawaka, jengo la ghorofa nne, na juu kabisa kuna mafundi cherehani. Binti yangu akamuuliza mtaa, akabonyeza king'ora, akatuma mawili kama kanuni inavyosema. Kijiko alipita dirishani kwangu anavaa koti huku anatafuna, akaniomba nimfunikie sahani yake vizuri, mkwe wangu asije akajisahau.

Wiki hiyo zamu ya kubaki ilikuwa ya gari lenye ngazi ndefu. Hakuna aliyeliwaza hilo, hata mimi. Tulizoea mno kuhesabu magari, tukaacha kutazama yamebeba nini.

Redio ikaanza kutuletea vita. Godoro haliungui kama kuni, mjukuu wangu. Linayeyuka, linatema moshi mzito kama lami. Vioo vya ghorofa ya kwanza vilipasuka vyote kwa mpigo, vikamchana mshika mpira wa maji kutoka sikioni mpaka kidevuni. Mtungi wa gesi ukalipuka ndani, mlango wa chuma ukang'oka na kumsaga miguu mpita njia mmoja. Juu wanawake walikuwa wamejazana dirishani, na ngazi fupi iliishia ghorofa ya pili. Mmoja akaruka. Mkwe wangu hakutuambia ameangukia wapi. Tulisikia wenyewe.

Hapo ndipo watu wa mtaani walipowageukia vijana wetu. Waliwauliza kama wamekuja kupaka rangi na kingazi chao hicho. Jiwe la kwanza likavunja kioo cha gari, la pili likampata dereva kichwani. Wakamburuta chini, wakampiga mateke ya mbavu, kisha wakamtwanga kwa kichwa cha mpira wake mwenyewe, kile cha shaba, mpaka akanyamaza. Mkwe wangu aliwafukuza kwa mpini wa shoka, mkono mmoja unapiga, mwingine umeshika redio. Aliomba gari la tatu kwa utaratibu wote wa kazi. Akaomba tena. Binti yangu akamjibu kwamba uwanja haubaki mtupu, asubiri.

Kijiko hakusubiri. Alipanda ngazi mpaka ilipoisha, halafu akaupanda ukuta wenyewe, kamba begani, akishika nondo za madirisha zilizokuwa zimeshapata moto. Mkwe wangu alisema ngozi ya viganja vyake ilikuwa inabaki kwenye zile nondo.

Redioni ni marufuku kuitana mume na mke. Siku hiyo mkwe wangu aliivunja marufuku hiyo.

"Mke wangu," alisema, na nyuma yake watu wanalia kama wanachinjwa, "hilo la tatu unamwekea nani?"

Macho ya binti yangu yalikuwa kwenye simu, anaisubiri ilie. Nje dereva wa gari la ngazi alikuwa ameshawasha injini, anatutazama kupitia dirishani. Nami nilikuwa nimesimama hapo na birika. Neno moja kutoka kwangu lingetosha, maana mwanangu huyu hajawahi kunipinga. Sikulisema. Nami nilikuwa naisikilizia ile simu.

Dakika kumi na moja, na haikulia.

Kijiko alikuwa ameshaifunga kamba, amewateremsha wanawake wawili, anamfunga wa tatu, dari ya juu ikaporomoka. Moto ukatoka dirishani kama mtu aliyesukumwa, ukamkumba kifuani. Alianguka ghorofa nne nguo zinawaka, akajigonga kwenye kona ya gari lao wenyewe. Binti yangu alisikia sauti ile, akainua mkono, na dereva akaondoka na nusu ya lango.

Ngazi ndefu iliteremsha watu tisa. Waliorusha mawe ndio hao hao walioshika mipira ya maji na kulia.

Jua halijazama mkwe wangu alirudi. Mikono ilikuwa imefungwa bendeji, jino la mbele halipo, na damu kavu shingoni ambayo nusu yake haikuwa yake. Sahani ya Kijiko ilikuwa mezani bado, nimeifunika kama alivyoniagiza. Aliitazama. Kisha akaingia chumba cha simu, akaing'oa simu ile na waya wake, akaipiga ukutani, akaiokota akaipiga tena, mpaka ikabaki vipande na bendeji zikaloa nyekundu. Akaichana kanuni. Mkewe hakusogea kitini. Nilidhani anayefuata ni yeye, nikajipenyeza katikati yao na uzee wangu huu.

Hakumgusa. Aliteleza chini na mgongo ukutani, akakaa sakafuni kati ya vile vipande, akauliza tena, safari hii taratibu, gari lile alikuwa anamwekea nani.

Binti yangu alinitazama mimi kwanza. Miaka ishirini na miwili jambo hilo tulikuwa hatujalisema mbele ya mtu, hata mbele ya mumewe. Yeye alijua tu kwamba kulikuwa na mtoto mwingine na akafariki. Nikatikisa kichwa kumkubalia.

"Mdogo wangu," alisema. "Nilikuwa na miaka kumi, yeye amefungiwa ndani, nyumba inawaka. Nilipowapigia simu waliniambia magari yote yametoka."