Jina Kutoka Lomé

Mtoto alishaanza kucheka na bado hakuwa na jina. Majirani walimwita Kadogo, kama wanavyoita kila kinachozaliwa Mulongwe, mtaa wao kando ya ziwa, mbuzi wakiwemo. Kutoa jina ni kazi ya baba, na baba yake, Héritier, alikuwa Lomé, mji mkuu wa Togo, akitengeneza magari ya mtumba yanayoshushwa bandarini.

Si kwamba Noella hakumuuliza mumewe. Aliuliza kwa upole, akauliza kwa mafumbo, mwisho akarekodi kilio cha mtoto akakituma kwa simu. Majibu yalikuja, tena marefu, na majirani wakajaa uani kusikiliza.

"Noella, huku iko muji!" sauti ya Héritier ikapaa. "Bahari inapiga kandokando ya barabara, na haina ng'ambo. Siyo kama ziwa letu, unaona Bujumbura kule. Hapa unatazama maji, na maji inakutazama. Pikipiki ya kukodi wanaita zemijani, inapita kama nyuki. Na soko, eh! Iko ubavuni pa katedrali. Wamama wanauza vitenge na wananenepa kwa heshima. Kila pembe unasikia kinu, wanatwanga fufu ya viazi vikuu..."

"Fufu ya kutwanga?" Olga, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, alishika kiuno. "Siye tunasonga ya unga motoni. Na moto wao iko na kazi gani?"

Watu wakacheka.

"Na jina?" aliuliza Domitille, mama yake Héritier.

Ujumbe ulikuwa umekwisha.

Ikawa hivyo kila mara. Noella aliujua Lomé mpaka unapoishia, kwenye mpaka wa Ghana, pale pale mjini, kana kwamba mtu ametoka Kavimvira, upande wao, akanyoosha mguu Gatumba, ng'ambo ya mpaka. Asilolijua ni amwite nani huyu anayenyonya kifuani pake.

Ndipo Libérat, katekista, akaja na habari kwamba padri atabatiza Jumapili.

"Jina la Kikristo tuko nalo: Félicité. La nyumbani je? Mutoto hawezi kufika mbele ya maji nusu."

"Baba yake atasema," Domitille alidakia. "Kwetu Mutarule mwanamke hatoi jina. Bwana yangu angekuwa hai, angelitoa yeye. Tungoje."

"Tulishangoja, mama," Noella alisema.

"Weye ngoja tena. Subira haiui muntu."

"Haiui, mama. Lakini iko inanikausha maziwa."

Jumapili, mlangoni mwa kanisa, simu ikalia. Ujumbe wa Héritier! Domitille akamshika Noella mkono, Libérat akasimama. Safari hii Noella hakuwasikilizisha wengine. Aliibana simu sikioni.

"Noella, jana nilitembea. Muji huu iko na maji katikati, kama mukanda kiunoni. Watu wanakimbia pembeni yake jioni, na hakuna mwenye anawafukuza..."

Alingoja. Alingoja mpaka pumzi ya mwisho: "Basi, salimia mama." Jina hakulitaja.

"Amesema aitwe nani?" Domitille aliuliza, macho yamemtoka.

Noella akamtazama mtoto.

"Amesema Arakaza."

"Arakaza! Akaribishwe!" Mama mkwe akapiga vigelegele hadi wapita njia wakageuka. "Si minye niliwaambia? Mwanangu hawezi kusahau damu yake!"

"Ndiyo, mama," Noella alijibu, akazima simu, akaingia kanisani. Sasa ilibaki kumpasha Héritier habari, ajue jina alilotoa.