Kiti cha Mbele

"Ofu?" aliita Isaiah arap Sigei, viganja vyote viwili vikiwa juu ya propela.

"Ofu," sauti ikajibu kutoka kiti cha mbele.

Kitini hapakuwa na mtu. Isaiah alilijua hilo vizuri, kwa sababu swichi alikuwa ameizima yeye mwenyewe, akaweka mawe mbele ya magurudumu, akaufunga mkia wa ndege kwa kamba kwenye kisiki cha mkaratusi. Fundi mwenye akili zake haachii mizimu usalama wake. Hata hivyo aliuliza, kama alivyouliza kila Jumamosi, na akangoja jibu kabla ya kuvuta. Akaizungusha propela taratibu, petroli ikinyonywa ndani ya injini. Kisha akaenda mlangoni, akaingiza mkono, akawasha swichi, akarudi mbele.

"Kontakti?"

"Kontakti."

Alivuta kwa nguvu zote za mzee, akaruka nyuma. Injini ikakohoa, ikatema moshi, halafu ikakubali. Mabati ya banda yakatetemeka, na kuku aliyekuwa akitagia karibu na mkia akatoka mbio akilaani kwa lugha yake. Isaiah akasimama kando akitabasamu peke yake.

Ilikuwa ndege ndogo, Piper Cub ya mwaka wa arobaini na sita, mbavu za chuma na ngozi ya kitambaa, rangi ya manjano iliyopauka kwa jua. Ina viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Rubani akiwa peke yake hukaa kile cha nyuma. Wa mbele ndiye huona kila kitu kwanza.

Aliipata kwa meneja Mzungu wa shamba la chai alipokuwa fundi wa matrekta. Mzungu alipofungasha virago kurudi kwao, ndege ilikuwa imezeeka tayari na hakuna aliyeitaka. Isaiah akauza ng'ombe wake na kuinunua, akaisukuma hadi kwake karibu na Mogogosiek, watoto wakiifuata kwa nyimbo kama bibi harusi. Kurusha alikuwa amejifunza akiwa abiria wa yule Mzungu, kwa kutazama tu. Leseni hakuwahi kuwa nayo, lakini anga ya kwao Konoin haina trafiki.

Mahali ambapo jirani ni jirani kwa kugusana majani ya chai, yeye alikuwa na ukanda mrefu wa nyasi uliopanda mlima bila mche hata mmoja. Watu waliuita shamba la hewa. "Arap Sigei anavuna nini huko?" walicheka kwenye kituo cha kupimia majani. "Upepo. Msimu huu umekomaa!" Panya walikula kitambaa cha mabawa, yeye akakishona upya. Kiplimo, mwanawe, alirudishwa nyumbani kwa kukosa karo wakati magneto, kile kifaa cha kutoa cheche za injini, ikiwa njiani kwenda Nairobi kutengenezwa. Mchuma janga hula na wa kwao, majirani walisema, na katika hilo hawakusema uongo.

Lakini wao hawakuwahi kukaa ndani yake asubuhi ukungu ukiwa umelala mabondeni, chai ikitokeza juu yake, kijani kibichi kisicho na mwisho. Mkewe alikaa. Mara ya kwanza alifumba macho mpaka wakavuka mto, halafu akayafumbua na kuanza kucheka, na hakunyamaza mpaka walipotua. Aliona nguo zake kwenye kamba. Alimwona jirani akiiba kuni zake, akamtukana kutoka juu, na yule jirani akaanguka chini akidhani ni Mungu. "Kumbe kwetu ni kudogo hivi," alisema usiku ule akikoroga ugali, "na vile tunagombana." Tangu hapo kazi ya swichi ikawa yake. Isaiah mbele ya propela, yeye kitini. Huyu anauliza, yule anajibu: ofu swichi ikiwa imezimwa, kontakti ikiwa imewashwa. Isaiah alimpenda sana mwanamke huyo. Hakuwahi kumwambia, wala hakuwahi kulitamka jina lake. Alimwita Mama Kiplimo, kama inavyofaa. Lakini maisha yake aliyaweka mikononi mwa mke huyo kila Jumamosi, kwani jibu likikosewa propela humkata mtu, na mke alilijua hilo.

Halafu ikaja mvua ya El Nino. Daraja likabebwa, barabara ikawa mto, na malaria iliyozoea kukaa huko chini kwenye joto ikapanda mpaka kwenye chai. Mama Kiplimo akaanza kutetemeka Jumatatu. Kufikia Jumatano alikuwa haongei. Isaiah akamfunika blanketi, akambeba, akamfunga mshipi kwenye kiti cha mbele. Hospitali, kwa ndege, haikuwa mbali. Alipouliza, mgonjwa akafumbua macho na kujibu, "Ofu." Alipouliza tena akajibu, "Kontakti." Injini ikawaka. Ndege ikaenda hadi katikati ya ukanda, magurudumu yakadidimia. Wakasukuma, yeye na Kiplimo na majirani wale wale wa kucheka, wakaing'oa, ikadidimia tena. Alipokwenda kumfuta usoni matope yaliyorushwa na propela, alimkuta ameegemeza kipaji cha uso dirishani, amekwisha kwenda.

Miaka yote hiyo ndege ilikula jasho la nyumba ile ikingojwa isaidie siku moja tu. Isaiah alitaka kuichoma moto. Akaenda bandani na kiberiti mfukoni, akaweka mkono juu ya propela kuiaga, na mdomo wake, kwa mazoea tu, ukauliza. Akajibiwa.

Hakukimbia. Alilia, kisha akafurahi, na kuanzia siku hiyo Jumamosi ikawa ndiyo siku yake ya kuishi. Siku nyingine zote alizipitisha tu.

*

Jumamosi hii alipozima injini aliona kivuli mlangoni. Ni Chemutai, mke wa Kiplimo. Alisimama nje ya banda, macho chini, kama mkwe anavyosimama mbele ya baba mkwe. Mtoto wake mchanga alikuwa amemwacha ndani na wanawake.

"Baba."

"Sema, mama."

"Mtoto amekataa tena. Kogo Taprandich ameita majina ya watu wenu mpaka sauti imepotea. Wamemwekea ugoro kwa pua. Wamama wote wanapiga chafya, yeye anawaangalia tu."

Siku nyingine Isaiah angecheka. Hapo kwao hata aliyebatizwa hupewa kwanza jina la ukoo, na jina hilo haliamuliwi na wazazi. Wanawake wazee humwinamia mtoto na kuwaita marehemu wa ukoo mmoja mmoja, kwa majina. Akiitwa mmoja na mtoto akapiga chafya, marehemu huyo ndiye amekubali kurudi. Mtoto asiyepiga chafya bado hana mwenyewe, naye hudhoofika, na huyu alikuwa akianza kuonyesha hivyo.

"Ananyonya?"

"Anashika kidogo, anaachilia. Amekuwa mwepesi, Baba. Daktari amempima, hakuona ugonjwa."

"Waite wengine."

"Wameisha. Imebaki moja tu. Hiyo umekataza."

Isaiah alikuwa amekataza, ndiyo. Alimwambia dada yake Taprandich, ambaye wadogo humwita kogo, yaani nyanya, kwamba marehemu alikufa vibaya, ndani ya mashine, na jina lake lingali bichi. Taprandich hakubishana, kwa kuwa mwenye mke ndiye mwenye neno. Sababu ya kweli Isaiah hakumwambia mtu. Roho haiwezi kukaa mahali pawili. Ikikubali kuingia kwa mtoto, imerudi nyumbani kwenye moto na maziwa; na nani tena angekaa kwenye kiti cha mbele?

"Hata miaka mbili haijaisha," alisema. "Wacheni apumzike."

Chemutai alikunja ncha ya leso yake, akaikunjua. "Baba, naomba niseme kitu na usikasirike."

"Sema."

"Mimi pia namsikia."

Isaiah aliyatoa macho kwenye propela, akamtazama.

"Jumamosi nikichuma majani hapa kando. Wewe unauliza, yeye anajibu. Nilidhani ni kichwa yangu, nikanyamaza. Lakini si mara moja."

Mzee alitafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya mtungi wa petroli. Hakuwa ameota ndoto basi. Hakuwa mwendawazimu. Furaha ilimjaa kifuani hivi kwamba akauliza kama mtu anayeulizia habari za jamaa aliye ng'ambo: "Anajibu aje? Wewe unamsikia aje?"

"Kama mtu amechoka, Baba."

"Amechoka?"

"Kama mtu ameamshwa na hajamaliza kulala. Mimi nimekaa na yeye jikoni miaka sita. Sauti yake ya kufurahi naijua. Hiyo si yake."

"Nenda nyumbani!" Isaiah alifoka, na mwenyewe akashtushwa na ukali wake.

Chemutai hakusogea. Machozi yalikuwa yakimtiririka lakini sauti yake ilikuwa imara. "Wewe unaweza kungoja Jumamosi, Baba. Huyu wangu hawezi kungoja." Kisha akageuka, akapita kando ya ukanda wa nyasi akielekea nyumbani.

Isaiah alibaki na ndege. Akaenda mlangoni, akaweka kiganja kwenye kiti cha mbele. Kilikuwa baridi.

"Mama Kiplimo," alisema kwa upole. "Umechoka?"

Kimya. Nje upepo uliinamisha nyasi.

"Unataka kwenda?"

Kimya tena. Akangoja, akauliza habari za kaburi, habari za mvua, kama alimsamehe. Hakujibiwa hata moja. Hapo ndipo alipotambua: tangu mwanamke yule afe, hakuwahi kumpa nafasi ya kusema chochote ila yale maneno mawili. Ofu, kontakti. Ofu, kontakti. Alikuwa amemweka kama kibarua.

*

Taprandich alitoka jikoni akijifuta pua, macho mekundu kwa ugoro.

"Mwite," Isaiah alimwambia.

"Nimwite nani?"

"Unajua."

"Mimi sijui mtu," alisema dada mtu, ambaye hata utotoni hakuwahi kumwonea huruma. "Wewe ndiye ulilifunga, wewe ndiye utalifungua. Litoe kwa mdomo wako, mimi nitalipokea."

Isaiah alitazama chai, akatazama viatu vyake. Miaka yote ya ndoa na baada ya ndoa hakuwa amelisema.

"Cheptoo," alisema.

Taprandich akaitikia kwa kichwa, akaingia. Wanaume hawaingii kwenye shughuli ile, kwa hiyo Isaiah alisimama nje ya ua na mwanawe. Kiplimo alikuwa ametoka kazini kiwandani, mikono yake ikinukia chai. Ndani sauti iliyokauka ya Taprandich ilianza tena, polepole, kama mtu anayebembeleza ng'ombe atoke mtoni.

"Cheptoo. Kama ni wewe, njoo. Cheptoo, nyumba ni yako. Ulituacha kwa matope, njoo kwa moto. Cheptoo."

Halafu ikasikika chafya, moja, ndogo kama ya paka.

Vigelegele vikapasua jikoni. Kiplimo akashika kichwa kwa mikono miwili akicheka na kulia. "Amekubali! Baba, ni mama!" Mtu akapiga kelele kutoka ndani kwamba mtoto ameshika ziwa, ananyonya, ananyonya kama mwizi. Isaiah alishika nguzo ya ua. Alifurahi, furaha ya kweli, na papo hapo akahisi ameporwa, na hakuweza kuvitenganisha vitu hivyo viwili.

"Bwana harusi!" Taprandich alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. "Unangoja kadi? Ingia umsalimu mke wako. Amerudi bila meno, lakini hasira ni zile zile."

Wanawake wakacheka. Isaiah akainama, akaingia. Chemutai alikuwa ameketi karibu na moto, uso umenawiri, na pajani mtoto alikuwa akinyonya kwa bidii, ngumi zimekunjwa. Alikuwa akinyonya hivyo mbele ya kila mtu, akiguswa na kugeuzwa na wanawake bila kujali. Isaiah akapiga hatua, akanyoosha mikono.

Mtoto akaachilia ziwa. Pua yake ndogo ikakunjamana, akalia kilio kikali ambacho hapakuwa na aliyewahi kukisikia kwake. Isaiah akarudi nyuma. Mtoto akanyamaza. Akasogea tena, kwa tahadhari, akisema, "Ni mimi, ni mimi tu," na mtoto akalia mpaka akakosa pumzi.

Kicheko kilikuwa kimeisha jikoni. Taprandich alimsogelea kaka yake, akamnusa bega, mikono.

"Ni petroli," alisema kwa sauti ya chini. "Unanuka ile ndege."

Isaiah alitoka, akavua koti, akalitupa juu ya ua. Kiplimo akamletea sabuni ya kipande. Alinawa kwenye pipa la maji ya mvua, mikono hadi viwiko, uso, shingo, akainusa mikono, akanawa tena. Harufu ilikuwa kwenye mikunjo ya ngozi, chini ya kucha, mahali ambapo ilikuwa imekaa miaka mingi kuliko ndoa za watu. Akachota jivu, akajisugua nalo mpaka ngozi ikawa nyekundu.

Chemutai alitoka na kusimama mlangoni, mtoto amelalia bega lake, macho wazi. Upepo ulitoka upande wa chai, ukapita kwa mzee kabla ya kuwafikia. Isaiah alisimama pale pale kando ya pipa, mikono imeinuliwa mbali na mwili, maji yakidondoka.

"Sasa?" aliuliza.

Chemutai alimtazama mtoto, akaona pua inaanza kukunjamana.

"Bado, Baba."

Mzee akainama, akachota jivu jingine.