Kibanio cha Chaneli ya Tano

Jumapili, tarehe kumi na tano Juni. Asubuhi hiyo anga lilikuwa jeupe, halina hata kipande cha wingu, na upepo haukuwa na nguvu ya kutikisa kitambaa chekundu kilichofungwa juu ya goli la uwanja. Mzee Vibanio alikitazama kitambaa hicho, akalowesha kidole kwa mate, akakiinua juu, akaridhika. Kwa watu wa ndege za rimoti, siku kama hiyo haiji kila wiki.

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kwa kazi alikuwa fundi redio, na uwanjani walimwita Mzee Vibanio kwa sababu ya ubao wake. Ulikuwa ubao mweusi wenye nambari sita nyeupe, na kwenye kila nambari kilibanwa kibanio kimoja cha nguo. Kundi lao la watu tisa lilitumia rimoti za zamani, ambazo yeye ndiye aliyezifufua moja moja kwa mikono yake. Rimoti mbili za chaneli moja zikiwashwa kwa pamoja, ndege iliyo angani inapokea amri mbili, inachanganyikiwa, inaanguka. Kwa hiyo kanuni ilikuwa moja: huwashi rimoti mpaka kibanio cha chaneli yako kiwe kimebanwa kwenye kola yako. Kama kibanio hakipo ubaoni, mwenzako anacho, nawe unasubiri.

Kanuni hiyo aliitunga mwenyewe, mwaka ambao ndege ilitua juu ya paa la choo cha uwanja na mtu akiwa ndani. Tangu hapo hakuna aliyeumia. Kila Jumapili, kabla ya yote, aliwakusanya, akaomba dua fupi, kisha akasema maneno yaleyale: "Kibanio kwanza."

"Mzee Vibanio," dereva wa lori alimwuliza asubuhi hiyo, "nikienda chooni nahitaji kibanio?"

"Ukienda na rimoti, unahitaji. Ukienda peke yako, tafadhali nenda mbali."

Wakacheka. Aliyecheka zaidi ni Rubani, shemeji yake, mdogo wa mke wake. Rubani alikuwa kinyozi. Mkono wake ulikuwa mtulivu kiasi kwamba aliweza kumnyoa ndevu mtu anayesimulia ugomvi wa nyumbani kwake, na asimchubue. Mkono huohuo ndio uliomfanya awe mrushaji bora kuliko wote. Yeye na mzee walitumia chaneli ya tano, wakipokezana.

"Leo naanza mimi, shemeji," alisema Rubani.

"Anza. Lakini usiniletee mbwembwe karibu na kamba." Mzee alikitoa kibanio cha tano ubaoni, akakibana mwenyewe kwenye kola ya shemeji yake, akampigapiga begani.

Kamba ilikuwa imefungwa upande wa barabara, kuwazuia watazamaji. Siku hiyo walikuwa wachache. Mmoja wao alikuwa fundi cherehani, jirani wa mzee, mjane wa miaka hamsini na kitu, aliyewashonea watu wa kundi mifuko ya kubebea ndege. Mzee alikuwa amemwagiza mfuko mpya, na badala ya kuufuata dukani alimwambia aulete uwanjani. Alipomwona amefika, alimpungia mkono.

"Kaa hapohapo nyuma ya kamba, dada, nakuja."

"Sina haraka, kaka. Na mimi nipate kuona watu wazima wanavyocheza."

Mzee akainamia sanduku lake kutafuta kalamu. Rimoti yake ilikuwa juu ya vitu vyote. Jana yake mchana alikuwa ameibadilisha swichi, maana ile ya zamani ilikuwa inakwama. Mezani ilifanya kazi vizuri. Lakini fundi ana ugonjwa wake: kitu alichokitengeneza lazima akijaribu tena. Aliitazama antena, ilikuwa imekunjwa yote. Antena ikiwa imekunjwa, alijiambia, mawimbi hayafiki hata hatua kumi. Kibanio alijua kilipo: kwenye kola ya Rubani, ambaye ndege yake ilikuwa tayari angani. Aliingiza mkono sandukuni, akabonyeza. Taa ndogo nyekundu ikawaka. Muda wote huo haukuzidi wa kutamka "amina".

Alichosahau ni kwamba Rubani alikuwa anatua, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameinama kwenye njia ya ndege kutua. Ndege ilimpita juu ya kichwa, hatua nne tu. Alisikia injini ikikata sauti kisha ikinguruma upya, kama mtu aliyekabwa. Akazima. Alipoinua macho, ndege ilikuwa imelala ubavu, kilo nne za mbao na chuma, pangaboi lake la mbele linazunguka, inaelekea kwenye kamba.

Fundi cherehani hakupiga kelele. Alikaa chini taratibu, mfuko mpya bado mkononi, mkono mwingine umeziba uso, na damu ikipita kati ya vidole.

Ulipotea uwanja, likapotea jicho. Uwanja ulifungwa siku ya pili kwa amri ya wenye uwanja, na jicho la kulia lilitolewa siku ya tatu. Kila mtu alisema kilichotokea kilivyoonekana: Rubani alitaka kujionyesha, akashuka chini mno. Rubani mwenyewe aliamini hivyo. Alisema mara moja tu, hospitalini, akiwa ameegemea ukuta wa kijani: "Niliivuta, ikakataa. Basi niliivuta vibaya." Mzee alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake. Alifungua mdomo. Muuguzi akapita na kitoroli, mdomo ukafungwa.

Neno lisilosemwa siku ya kwanza huwa zito siku ya pili, na kwa mzee hili liliongezeka uzito kila asubuhi. Alikuwa mtu wa sala. Alipiga magoti kando ya kitanda kama alivyofanya tangu ujana, akaliombea jicho lililobaki, akamwombea shemeji yake, akaliombea kundi. Jambo lenyewe alilizunguka, kama mtu anayefagia chumba bila kusogeza kiti. Mke wake alimsikia na akadhani ana huzuni ya jirani.

"Umekonda," alimwambia.

"Ni joto."

"Joto lipi? Wewe unalala na sweta."

Wiki ya pili mkono wa Rubani ulianza kutetemeka. Kwanza ulikuwa mtetemo mdogo, wa kufichwa mfukoni. Halafu akamkata mteja nyuma ya sikio. Mteja akasema si kitu, lakini hakurudi. Mwingine akainuka kwenye kiti, shuka bado shingoni, akasema amekumbuka ana mgonjwa. Rubani alijaribu kunyoa kwa mkono wa kushoto, akajaribu kunyoa vichwa vya upara tu, mwisho akawa anafungua duka, anafuta vioo, anafunga.

"Mkono umeniambia ukweli," alimwambia mzee siku moja, akicheka kicheko kikavu. "Umesema, mimi si mkono wa kupewa wembe."

Mzee alikaa kwenye kiti cha wateja, akautazama mkono huo kwenye kioo. Alijua dawa yake. Ilikuwa sentensi moja, alikuwa nayo, na hakuna duka jingine lililokuwa nayo. Alimwambia: "Utapona, shemeji. Mwamini Mungu." Akaenda zake.

Wiki ya tano habari mbaya zaidi zikaja. Jicho la kushoto la fundi cherehani, lile zima, lilianza kuuma na kuingia ukungu. Daktari alieleza kwamba hutokea mara chache: jicho moja likijeruhiwa, mwili unageuka na kulishambulia lile jingine. Walimpa dawa. Ukungu ukapungua wiki moja, ukarudi. Binti yake akahamia kwake kumsaidia. Cherehani ikafunikwa kitambaa.

Jumapili ya kwanza ya Agosti, saa nne asubuhi, kundi lote lilikwenda nyumbani kwa fundi cherehani. Ni Rubani aliyewaita. Alikuwa ameandika barua ya kukiri, na alitaka isomwe mbele ya aliyeumia kisha wenzake waweke sahihi kama mashahidi. Baada ya hapo angehama mji; duka alishalifunga.

Sebule ilikuwa ndogo. Wengine walikaa, wengine walisimama kando ya cherehani iliyofunikwa. Binti alileta chai. Fundi cherehani alikaa kwenye kiti chenye mikono karibu na dirisha, kitambaa cheupe upande mmoja wa uso, akigeuza kichwa kila aliposikia sauti.

"Mko wangapi?" aliuliza.

"Tisa, mama," alisema binti yake.

"Tisa. Na viti vinne. Poleni."

Binti akaisoma barua kwa sauti. Haikuwa ndefu. *Mimi ndiye niliyerusha. Ndege haikuwa na kosa, na wenzangu hawakuwa na kosa. Kosa ni la mkono wangu, na sitaurudisha angani.* Kisha akaiweka mezani pamoja na kalamu.

"Mzee Vibanio aanze," alisema dereva wa lori. "Ndiye mtunza ubao."

Mzee akashika kalamu. Mstari wa kwanza ulikuwa wazi, umeandikwa *shahidi*. Alikitazama kikombe cha shemeji yake. Kilikuwa kinagonga kisahani, taratibu, bila kukoma, kama meno ya mtu mwenye homa. Akaiweka kalamu chini.

"Siwezi kuishuhudia hii," alisema. "Si kweli. Niliwasha rimoti yangu."

Hakuna aliyeelewa mara moja. Ikabidi aseme tena, yote: swichi mpya, sanduku, taa nyekundu, kibanio kilichokuwa kwenye kola ya mwenzake na yeye akijua.

Dereva wa lori ndiye aliyeuliza kwanza. "Antena ilikuwa juu?"

"Ilikunjwa."

"Hata mimi ningesema haifiki."

"Ilipita juu yangu. Hatua nne."

Rubani alikuwa ameinama. "Ulijua lini?" aliuliza.

"Kabla haijafika kwenye kamba."

"Kabla haijafika kwenye kamba," alirudia Rubani, kama mtoto anayekariri. Akaunyoosha mkono wake wa kulia mbele yake, vidole vimetanuliwa. Wote wakautazama. Mzee aliutazama kuliko wote. Mkono ulitetemeka kama jana, kama wiki iliyopita. Wakasubiri. Haukutulia.

"Wiki saba, shemeji," alisema Rubani. "Ungeniambia hospitalini, labda. Sasa umeshazoea." Akaurudisha mfukoni, akanyanyuka, akachukua kofia yake. Mlangoni akasimama, hakutoka wala hakugeuka.

Mzee alikuwa ameihifadhi dawa ile kwa muda mrefu mno. Alipoitoa, ilikuwa imekwisha nguvu.

"Kaka," alisema fundi cherehani. "Ulikuja hospitali mara ngapi?"

"Mara sita."

"Kila mara ulinishika mkono ukaniombea kwa sauti. Mwenzangu wa kitanda cha pili alikuwa anaitikia amina. Sasa nieleze. Ulipofika kwenye yule aliyeniumiza, ulikuwa unamwambia Mungu nini?"



"Nilikuwa namwomba amsamehe shemeji yangu."

Mtu mmoja kando ya cherehani akavuta pumzi. Fundi cherehani akatikisa kichwa mara kadhaa, kama anayepima kitambaa kwa macho na kuona hakitoshi.

"Mimi nilikuwa naitikia pia," alisema. "Amina zangu zote zilikwenda kwa mtu mwingine."

"Naacha kurusha," alisema mzee. "Nazivunja zote, leo."

"Hiyo si ahadi. Uwanja umefungwa na wewe una miaka sitini na nane. Unaacha kitu ambacho kimeshakuacha."

Binti yake akasema: "Kuna wengine wanarusha kule nyuma ya soko sasa. Kila Jumapili. Hawana kamba. Watu wananunua mboga chini yake."

"Wale wana rimoti za kisasa," alisema dereva wa lori. "Zinajitafutia njia zenyewe, hazigongani. Ukiwaambia habari za vibanio watakucheka, mzee. Watakupiga picha."

"Wacha wacheke," alisema fundi cherehani. "Mimi sitaziona hizo picha."

Mzee akasimama. Akashika ukingo wa cherehani. Alimtazama Rubani mgongoni, akawatazama wenzake mmoja mmoja, kisha akamgeukia yule ambaye macho yake hayangeweza tena kumjibu. Hakuinua sauti, lakini alitamka kila neno kama mtu anayeapa.

"Kila Jumapili, saa tatu asubuhi, nitakuwa nyuma ya soko na ubao wangu. Kwa kila atakayeweka ndege chini nitasema: mimi ndiye niliyewasha, mimi ndiye niliyenyamaza, na mkono wa shemeji yangu haukuwa na kosa. Wasiponisikiliza nitasema. Wakinifukuza nitasimama ng'ambo ya barabara, nitasema. Ninyi nyote mmenisikia. Naahidi mpaka siku nitakayokufa."