Michongoma ya Jirani

Kila asubuhi, fundi cherehani alipokuwa akitunga uzi kwenye sindano, maji yalianza kuchuruzika kwenye michongoma nje ya dirisha lake, naye akajua jirani amefika. Jirani huyo, mgane mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ndiye aliyeipanda michongoma ile katikati ya uwanja wa maegesho. Aliinywesha kwa kopo, kidogo kidogo, ingawa dukani kwake mipira ya maji ilikuwa tele. Fundi, naye mjane, hakuwahi kujiuliza kwa nini alinyoosha kilemba chake kabla ya kuchungulia.

"Watoto wako hao wa miiba hawajambo, jirani?"

"Hawajambo, fundi. Ila wana kiu."

Asubuhi hiyo hata hawakumaliza salamu. Yowe lilitoka upande wa pili wa michongoma. Mteja wa fundi, mama wa bibi harusi, alikuwa ametoka tu kupimwa nguo, akakuta vioo vyote viwili vya pembeni vya gari lake vimenyofolewa. Jirani alikuwa palepale, kopo mkononi, majani tu yakimtenganisha na mwizi, wala hakuona kitu.

Mama yule alimwambia fundi, bila hasira, kwamba nguo za harusi nzima angependa zishonwe hapo, lakini hataliacha tena gari lake kichakani. Fundi akarudi ndani, akahesabu oda zilizobaki. Wateja walikuwa wamepungua kwa miezi, na harusi ile ndiyo ingemwezesha kubaki na duka.

Jioni wenye maduka walikutana kwake, wakakalia majora ya vitambaa. Kinyozi alitaka mbwa. Muuza dawa akasema mbwa ataanza na wagonjwa wake, kwa kuwa hawawezi kukimbia. Mlinzi, ambaye walimbandika jina la Macho, aliapa kwamba hakusinzia.

"Mimi hapa nalinda majani," alisema. "Magari nayasikia tu."

Walicheka, kisha wote wakamgeukia jirani. Jirani akasema michongoma haiguswi. Atatoa taa, nyaya, minyororo, hata geti, na hataki malipo. Kinyozi akamuuliza fundi kwa kunong'ona, mtu huyu, mwenye mkono mgumu kuliko misumari anayouza, leo kapatwa na nini?

Taa zikawekwa. Uwanja ukang'aa kama ukumbi, na kivuli cha michongoma kikazidi kuwa cheusi. Mama wa bibi harusi alipita jioni moja, akakitazama kivuli kile bila hata kuzima injini, akasema kesho atafuata vitambaa alivyomwachia fundi, avipeleke kwingine.

Kesho yake jirani alifika na kopo lake, akamkuta fundi kazama kwenye michongoma hadi mabegani, anakata. Alikuwa akikata kwa mkasi wake wa vitambaa.

"Fundi, jamani, mkasi huo? Hata karatasi hukati nao."

"Wewe umejuaje?"

Jirani akakohoa. Akasema miaka yote hiyo amemsikia akiwafokea wanagenzi wake kuhusu mkasi ule. Akauchukua taratibu, akaufuta kwa shati lake, akamrudishia. Kisha akaingia dukani kwake, akatoka na mkasi mkubwa wa bustani, akakata mwenyewe mpaka michongoma ikashuka magotini. Upande wa pili akatokea Macho, anapunga mkono kama mtu aliyerudi safari.

Mama wa bibi harusi alipokuja alisimama, akatazama kulia na kushoto. Kila gari lilionekana kutoka kila mlango. Akazima injini, akafunga gari, akamshika binti yake mkono, wakaingia ili binti naye apimwe.

Fundi alimpima huku akiimba. Walipoondoka, alimwona jirani bado kasimama nje, hajui kopo aliweke wapi. Akafungua dirisha.

"Jirani, ulikuwa tayari kutoa duka zima kwa ajili ya miiba. Miiba hii ina nini?"

Jirani alitazama kopo. Akatazama visiki. Mwishowe akamtazama yeye.

"Michongoma haihitaji maji kila siku, fundi," alisema. "Nilikuwa nakuja kukuona wewe."