Betri ya Sitati

Nyinyi hupita gereji ya Sitati pale Gilgil mkatazama kando, huku wivu unammaliza. Taa ya onyo la injini ikiwaka, yeye hufungua betri ili taa izime, na gari linafeli ukaguzi wa serikali. Magari ya fundi jirani yake, Wangechi, hupita. Leo hata Truphosa, mteja wake tangu 2015, amehamia huko.

“Unayapaka dawa gani, wewe?” Sitati akamfokea Wangechi.

“Dawa ni subira, mzee. Ukitoa betri, kompyuta ya gari inasahau vipimo vyake vyote, na mkaguzi hana cha kusoma. Tengeneza gari kwanza, weka mafuta nusu tangi, wacha injini ilale ipoe, kisha uliendeshe mwendo mmoja hadi Mai Mahiu. Kompyuta itapima upya yenyewe.”

Sitati alisikia vizuri, lakini kufundishwa na Wangechi? Akaokota spana, akaiendea betri nyingine.

Mnangoja nini? Mshikeni mkono sasa hivi!