Bustani Iliyogeuza Shingo

Hii hamtaiamini, lakini ilitokea mchana kweupe, na watu wa ofisi ya mji walikuwepo, kalamu mkononi.

Dobi wa hospitali alikuwa akitoka kazini saa tisa, mikono bado inanuka sabuni ya mashuka. Kabla ya kuingia jikoni kupikia nyumba nzima alibaki na robo saa ya bustani. Robo saa! Wewe na mimi tungepanda maua ya plastiki tukalale. Yeye aliipangia. Alitoboa vifuniko vya chupa kuukuu kwa sindano ya moto, akazijaza chupa maji, akazifukia kichwa chini kando ya kila mche wa nyanya, zikawa zinanywesha zenyewe siku tatu nzima. Kupalilia hakupalilia. Alitandika maboksi ya sabuni juu ya magugu, akamwaga nyasi kavu, yakafa kimyakimya. Mbegu aliziotesha kwenye trei za mayai. Na vile vishina vya vitunguu ambavyo wenzake wanatupa, alivirudisha udongoni, baada ya wiki mbili anakata majani tena. Dukani hakwenda hata kwa kijiko cha mbolea.

Mwenye nyumba alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Huyu hakuwahi kushika jembe. Alishika simu. Kila siku alijirekodi katikati ya bustani: "Wapendwa, mimi niligundua kwamba chupa kuukuu..." Watu wakamfuata kweli, wakamwita Mtaalamu.

Kwenye video ya saba mimea ikaanza kumpa mgongo. Alisema tu "niligundua," majani yote yakazunguka taratibu kuelekea mlango wa jikoni, alikokuwa dobi anakamua tambara. Dobi akaenda bombani, yakamfuata bombani. Akarudi, yakarudi. Boga lilichelewa kidogo kwa sababu ya uzito.

"Shemeji, hii mimea unailisha nini?" Mtaalamu akauliza.

"Maji ya kuoshea mchele."

"Basi punguza."

Mama mkwe alikuwa kibarazani anachambua maharage. Hata uso hakuinua. "Inamjua anayeinywesha. Wewe inakuona redio tu."

Mwezi huo ofisi ya mji ikatangaza kwamba bustani ile ndiyo bora kuliko zote mtaani. Akaja afisa, mama mmoja wa miwani, na cheti na fomu, pamoja na mpiga picha. Dobi alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini. Hakutaka zawadi. Alitaka jina lake, mara moja tu, limekaa juu ya kitu alichokifanya.

"Mkulima ni nani hapa?" afisa akauliza.

Mama mkwe akamwonyesha dobi kwa kidole. Mimea ilikuwa imeshamwonyesha tangu mapema. Afisa akaitazama bustani, akamtazama dobi, akatikisa kichwa kuafiki.

"Naona, mdogo wangu. Ila fomu ina nafasi ya mwenye nyumba tu. Ya anayelima hawakuiweka."

"Hakuna neno," Mtaalamu akajibu haraka, ananyoosha kola.

Akasimama mbele ya bustani na cheti chake. Mimea ikageuka. Wakamhamishia upande wa pili, ikageuka tena. Wakazungusha makopo ya mchicha kwa mkono, yakajirudisha.

"Mimi hapa napiga visogo," mpiga picha akalalamika.

Afisa alikuwa mtu wa vitendo. "Dada, hebu kasimame nyuma ya kamera."

Dobi akasimama. Bustani nzima ikatazama kamera, majani wazi, boga nalo likajivuta likafika.

"Hapohapo," mpiga picha akasema. "Usisogee."

Dobi alijua kwamba akisogea hatua moja kushoto, Mtaalamu atabaki kwenye picha na visogo vitupu vya mimea. Mguu wa kushoto ukainuka wenyewe. Ndipo akawaona wanawe: nyanya zimeiva zinang'aa, bamia zimesimama wima, na kimche kimoja cha mchicha, kilichotoka kwenye trei ya mayai juzi tu, kinajinyoosha kwa nyuma ili nacho kionekane. Mguu ukarudi chini. Akatoa kifua mbele, akatabasamu kama vile kamera ilikuwa inamtazama yeye.

Cheti kiko sebuleni mpaka leo, jina la Mtaalamu kwa herufi za dhahabu. Fomu ya mwaka huu imekuja, nafasi ni ileile moja. Picha imetundikwa pembeni ya cheti, na wageni wakiingia wanadhani mimea inawatazama wao. Kila asubuhi dobi anasimama mbele yake dakika nzima, dakika pekee anayoipoteza kwa siku.

"Mmependeza, wanangu," anasema, halafu anaenda kazini.

Haya, sema kweli: mguu wa kushoto umeshainuka, mpiga picha anahesabu moja, mbili... Wewe ungeushusha wapi?