Mkono Aliokuwa Anaukalia

Tangu amtoe binti yake Haika shuleni mwezi wa kwanza, Adelina alishanunua mitaala miwili ya uandishi, na yote miwili ilikuwa imemshinda. Wa kwanza ulikuja na madaftari sita ya sarufi, mazito kama matofali. Wa pili ulikuwa wa video: mwalimu mchangamfu akifundisha kupanga aya kwa rangi, sentensi ya kufungulia kijani, za katikati njano, ya kufungia nyekundu. Haika alizitazama video zote, akacheka palipochekesha, kisha alipopewa penseli alikaa nusu saa mbele ya karatasi akatoa mstari mmoja uliopinda kuelekea chini kama unateleza.

Kilichomchanganya Adelina ni kwamba mtoto huyohuyo, mwenye miaka minane, alikuwa na maneno yasiyoisha. Wakitoka kwenye fleti yao ya Walthamstow, London, kwenda sokoni, angeanza hadithi ya mbweha aliyeiba kiatu cha muuza samaki, na mbweha huyo angekuwa na mke, na wakwe, na kesi mahakamani, mpaka vitunguu vimenunuliwa, wamerudi nyumbani, na kiatu bado hakijapatikana. Lakini mpe penseli. Shuleni walisema hajitahidi. Walisema hivyo mara tatu kwa barua, na kila asubuhi Haika akawa anaumwa tumbo, ndipo Adelina na mume wake Godson wakaamua kumsomesha nyumbani. Godson alikuwa fundi wa lifti, anatoka alfajiri. Adelina alifanya kazi mapokezi ya kliniki Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo siku nyingine za wiki darasa lilikuwa lake.

Mwezi wa sita alikuwa anatafuta mtaala wa tatu. Kwenye kundi la wasap la wazazi wanaosomesha nyumbani, mama mmoja anayeitwa Kokila alimwandikia: usinunue tena kwa kubahatisha, nenda Kenton kwa Mwalimu Pramila. Amestaafu, ana kabati zima la mitaala, anawaachia wazazi waifungue na kuisoma kabla hawajaamua. Halafu Kokila akaongeza: amezaliwa Arusha, mtaongea Kiswahili.

Jumanne wakapanda treni, wakabadilisha Oxford Circus, wakafika Kenton saa tano asubuhi. Pramila alifungua mlango akiwa na fimbo mkononi kwa sababu ya goti. Mwanamke mfupi, nywele nyeupe zimekatwa karibu na masikio.

"Karibuni, karibuni. Habari za Walthamstow?"

"Nzuri, shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Na wewe, bibie?"

"Shikamoo," Haika akasema, na hapo Kiswahili chake kikaishia. Alikisikia chote, ila alikuwa anajibu kwa Kiingereza.

Mezani Pramila alishapanga mitaala minne. Adelina aliketi akaanza kueleza: madaftari sita, video, rangi, mstari mmoja kwa nusu saa. Aliuliza ni upi kati ya ile minne ndio unaofaa kwa mtoto mvivu wa kuandika. Neno mvivu lilipomtoka alijisikia vibaya, lakini lilishatoka.

Pramila hakufungua hata kitabu kimoja. Alikuwa anamtazama Haika.

"Nimenyee chungwa hilo dogo, tafadhali," akamwambia.

Haika alilichukua kwa mkono wa kushoto, akatia ukucha, kisha akamwangalia mama yake, akalihamishia kulia. Pramila akampa mkasi na karatasi amkatie duara. Kushoto, jicho kwa mama, kulia. Akampa chupa ya achari aifungue. Hivyohivyo. Akampa karatasi iliyokunjwa mfano wa darubini achungulie ndege kwenye bustani, na Haika akaiweka kwenye jicho la kushoto moja kwa moja, kwa sababu jicho hakuna aliyewahi kumkataza.

Adelina aliona yote hayo na bado hakuelewa anaonyeshwa nini. Alidhani ni michezo ya kumzoesha mtoto.

Mwishowe Pramila akaweka penseli katikati ya meza, sawa na kifua cha Haika, asiielekeze upande wowote. "Chukua, uniandikie jina lako."

Mkono wa kushoto ulitoka haraka, ukafika nusu ya njia. Halafu Haika akaurudisha, akanyanyua paja kidogo, akauweka chini yake na kuukalia. Akachukua penseli kwa mkono wa kulia, vidole vikawa vyeupe kwa kuibana.

Adelina alikuwa ameuona mkao ule mara mia. Mezani nyumbani, kanisani, kwenye picha ya darasa la kwanza iliyotundikwa ukutani. Alidhani ni baridi. Alidhani ni tabia tu ya mtoto.

Pramila akainama, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Nani aliuambia mkono huu ukae hapo?"

"Bibi," Haika akajibu kwa Kiingereza. "Alikuwa anauvalisha soksi na rababendi. Akasema nikiukalia sihitaji soksi."

Mama yake Adelina alikuja kutoka Moshi Haika akiwa na miaka minne, akakaa miezi sita ya visa, wakati Adelina anafanya shifti za asubuhi na Godson yuko kwenye lifti zake. Ulikuwa wakati mzuri, au yeye aliujua kuwa mzuri. Alirudi kila siku mchana akakuta mtoto ameoga, amekula, nywele zimesukwa. Soksi hakuwahi kuiona.

"Kila siku?" Adelina akauliza.

Haika akainua mabega. "Mpaka ukirudi."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Nilidhani unajua."

Pramila aliisogeza karatasi kwa Haika, akaiinamisha kidogo upande. "Jaribu na ule mwingine."

Haika hakutikisika. Alikuwa anamtazama mama yake, anasubiri. Adelina akatambua kwamba ruhusa ilitakiwa itoke kwake, na kwamba yeye mwenyewe, tangu mtoto akiwa na miaka miwili, alimwambia mara ngapi: kula kwa mkono wa kulia, salimia kwa mkono wa kulia, mpe baba kwa mkono mzuri. Hakufunga soksi. Lakini maneno yale yalitoka kinywani mwake.

"Andika, mama," akasema hatimaye. "Tumia unaoutaka."

Jina la kwanza lilitoka limegeuka, herufi zinatazama nyuma. La pili likanyooka. La tatu lilikuwa kubwa, la kitoto, mistari inatetemeka, lakini vidole vilikuwa vimelegea na rangi yake imerudi. Haika aliliangalia, akauliza kwa sauti ndogo: "Na nyumbani nitaruhusiwa?"

Adelina aliinuka akaomba kuonyeshwa msalani, akakaa huko huku bomba linamwaga maji mpaka alipoweza kupumua vizuri.

Alipotoka, Pramila alimpa chai na kumwambia ukweli bila kuupamba. Hakusema mkono ndio sababu yote. Huenda tahajia nayo ina matatizo yake, hilo litaonekana. "Lakini mtoto anayemaliza nguvu zote kushika penseli, za kufikiria anachoandika atazitoa wapi? Usinunue mtaala leo. Nenda, mwache aandike anavyotaka wiki mbili, halafu unipigie."

Kwenye treni Haika alichora mbweha kwenye ukungu wa pumzi yake dirishani, kwa kidole cha kushoto, akafuta, akachora tena.

Walipofika nyumbani Adelina alimpigia mama yake simu ya video kabla hata ya kuvua koti. Moshi jua lilikuwa linashuka. Bibi alikuwa nyuma ya jiko anachambua maharage, simu ameiegemeza kwenye sufuria.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo? Mjukuu wangu?"

"Hajambo. Mama, ulipokuja huku, ulimvalisha Haika soksi mkononi?"

Bibi hakusita. "Ndiyo. Alikuwa anakula kwa kushoto. Ulitaka ampe mchungaji mkono wa kushoto?"

"Na hukuniambia."

"Nikwambie nini? Ilikuwa kazi ndogo, wiki chache tu akashika. Mtoto msikivu yule." Akatupa jiwe dogo pembeni. "Wewe ndiye ulinitesa. Wewe karibu miaka miwili."

Adelina alidhani hajasikia vizuri. "Mimi nini?"

"Wewe si ulikuwa mashoto. Mashoto haswa. Nilikufunga kitambaa cha kanga, unakifungua kwa meno. Baba yako, Mungu amrehemu, akasema nikuache, nikamwambia huyu akianza shule atachapwa, heri nimalize mimi hapa nyumbani."

Adelina alikuwa amesimama katikati ya sebule. Akatafuta kiti kwa mkono, akakikosa, akakaa kwenye zulia. Alikuwa na miaka thelathini na saba. Alilijua kovu dogo kwenye goti lake na mwaka aliolipata, aliyajua meno yake ya utotoni yalivyotoka, lakini jambo hili hakuwahi kuambiwa hata mara moja. Aliitazama mikono yake miwili juu ya mapaja kama mikono ya mgeni.

Kisha vitu vikaanza kumjia vyenyewe. Mwandiko wake uliochekwa shule nzima. Mitihani ya kidato cha sita, insha za historia ambazo majibu aliyajua yote na muda ukaisha yuko katikati ya swali la pili, vidole vimekakamaa. Alitaka kusoma sheria. Matokeo yalipotoka alisema mwenyewe kwamba hana kichwa, akaenda kusoma cheti cha utunzaji kumbukumbu. Mpaka leo fomu za mkono anamwachia Godson, na kazini anashukuru Mungu kwa kompyuta.

"Adelina? Simu imekata?"

"Nipo, mama."

"Mbona umenyamaza?"

"Nilifeli kidato cha sita kwa sababu siwezi kuandika haraka."

Bibi aliacha maharage. Alisogea karibu na simu mpaka uso wake ukajaa kwenye kioo. "Ulifeli kwa sababu ya malaria. Wiki ile uliumwa."

"Niliumwa siku mbili, mama."

Kuku alipita nyuma ya bibi. "Sasa ubaya uko wapi," akasema, ila kwa sauti ya chini kuliko mwanzo. "Umesoma, umefika Ulaya, una kazi." Kisha akaongeza: "Kama nilikosa, nilikosa. Mwalimu wa mkono wa kushoto alikuwa fimbo. Sikutaka wakupige."

Walikata simu bila kuagana vizuri, na ikapita siku kumi na mbili Adelina hajapiga tena, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu ahamie London.

Godson aliporudi alisimuliwa yote jikoni. Mwanzoni alitaka kucheka, kwa sababu kwao mashoto walikuwa watatu na waliachwa tu, lakini alipomwona mke wake uso ulivyo akavuta kiti.

"Chupa unafungua kwa kushoto," akasema baada ya kuwaza. "Na kitasa. Na uliponidaka ile siku kwenye barafu nisianguke, ulinidaka kwa kushoto. Nilikuwa naona, sikuona kama ni kitu."

"Na mimi sikuona," Adelina akasema. "Mikono ni yangu, na mimi sikuona."

Wiki mbili zilipotimia alimpigia Pramila, na mtaala wakauchagua kwa dakika kumi. Ulikuwa mwembamba kuliko yote minne, karibu aibu kuulipia. Mtoto anasimulia kwa mdomo, mzazi anaandika neno kwa neno, kisha mtoto ananakili mistari miwili tu ya maneno yake mwenyewe. Wiki zikienda, mistari inaongezeka, mpaka siku moja aandike bila kunakili. Pramila alimwonyesha Haika jinsi ya kuinamisha karatasi, na kuweka mkono chini ya mstari ili asifute anachoandika. Madaftari sita yalikwenda kwa Kokila.

Haikuwa miujiza. Tahajia ya Haika ilikuwa mbovu kweli, na Pramila akawashauri waombe apimwe shida ya kusoma na kuandika, wakaingia kwenye orodha ya kusubiri. Kuna siku alirudia mkono wa kulia bila kujua, wakikaa na wageni. Lakini mwezi wa tisa aliandika nusu ukurasa peke yake kuhusu mbweha na kesi yake, na tumbo halikumuuma hata siku moja.

Mwezi huohuo bibi alipopigiwa simu, waliongea habari za mvua na za jirani aliyeuza shamba. Mwisho akaomba kumwona mjukuu. Haika alikuwa mezani anaandika, na Adelina akaielekeza simu kwake. Bibi alitazama mkono ule wa kushoto ukienda kwenye karatasi, akatazama sana.

"Anaandika nini?" akauliza.

"Muulize mwenyewe."

Adelina akamwachia Haika simu, akaenda jikoni. Hakujua bado kama ana hasira na mama yake au anamhurumia. Kuna siku ilikuwa hivi na siku ikawa vile. Juu ya friji kulikuwa na fomu ya kliniki aliyotakiwa kuijaza kwa mkono. Aliichukua, akakaa nayo, akashika kalamu kwa mkono wa kushoto na kuandika herufi ya kwanza ya jina lake, akihema kama mtu anayepanda ngazi.